Bendera Zisipopata Upepo

Miaka kumi na tisa nashona bendera
hapa Kaloleni, mlango wa bluu, nyuma ya duka la betri,
na hakuna aliyewahi kuniuliza ipi nzuri.
Huniuliza bei. Huniuliza lini.
Basi leo najiuliza mwenyewe, mimi Aikande,
pasi ya mkaa mkononi, mkutano keshokutwa,
umeme umeshakatika mara mbili.

Ya kwanza Botswana, wala sibishani.
Buluu ya mvua iliyoahidiwa, mstari mweusi katikati,
na weupe mwembamba juu yake na chini yake,
kama mtu mwenye adabu anayepisha mlangoni.
Inajua kunyamaza. Nyingi hazijui.

Ya pili Japani. Duara moja, basi!
Loshilu, kijana ninayemfundisha, anacheka:
"Mama, hiyo hata mimi naiweza."
Nampa sahani, chaki, kitambaa chekundu.
Mara ya nne bado anafumua.
Duara halina kona ya kufichia kosa.

Ya tatu Ushelisheli: rangi tano zatoka pembe moja
kama watoto waliosikia kengele ya kwenda nyumbani.

Uganda ningeipandisha kwa ajili ya yule korongo,
ila nimemshona mara nyingi mno,
na kila mara ule mguu alioukunja
hunitazama kama deni.
Kenya naiheshimu, naikunja kwa mikono miwili,
mikuki isije ikavunjika.
Msumbiji ina bunduki na jembe.
Nilivishona vyote asubuhi moja, sindano ileile;
sijui niipe namba gani, naiweka kando.
Na Nepali! Siku ya kwanza nilimpigia mteja simu:
"Bwana, mchoro wako umechanika."

"Na yetu?" akauliza Loshilu.
Ya sita.
Akaweka mkasi chini.
Ya sita, nimesema. Hata kaka yangu Ndelilio nampenda,
na sura hana.
Tena wewe hujaujua ule mshazari.
Kitambaa ukikikata hanamu huvutika,
leo kimenyooka, kesho kimekwenda upande;
na mistari ile ya njano, mmoja huku, mmoja kule,
haitaki kulingana, kama mawifi.
Nimejidunga kwa ajili yake
kuliko kwa nchi zote nyingine pamoja.
Aliyedungwa ana haki ya kusema.

Alhamisi tukazipeleka.
Julai, baridi ya kuuma masikio,
Mlima Meru haujaonekana tangu Jumatatu.
Zikapandishwa moja moja mbele ya ukumbi,
na upepo, hakuna. Hata wa kupeperusha karatasi.
Zikaning'inia zote kama matambara ya jikoni.
Japani ilikuwa imelimeza jua lake.
Korongo hayupo, mguu wala shingo.
Ngao imebaki kipande, mkuki mmoja hauna mwenyewe.
Botswana yangu, ya kwanza yangu,
ungedhani shuka la hospitali.
Mlinzi wa geti akaja, akanyoosha kirungu:
"Hii ya nani? Na hii?"

Halafu akaionyesha yetu, hakuuliza.
Nikainua macho.
Imelala kama wenzake, imejikunja kama wenzake,
lakini kijani kipo, cheusi kinakatiza,
njano inachungulia mara mbili,
na kwenye ncha, chini kabisa, buluu.
Ule mshazari ulionitoa damu
haukuiacha rangi hata moja mafichoni.

Loshilu kimya, mikono mfukoni,
ana raha ya mtu aliyeshinda kesi bila wakili.
"Ya ngapi sasa, Mama?"

Ya kwanza Ushelisheli, nikamwambia;
nayo imeonyesha zote tano, siwezi kudanganya.
Yetu ya pili.
"Ya pili!" Akapiga kofi moja, peke yake,
mlinzi akageuka.
Nami nilikuwa nimeshaona kingine:
uzi, urefu wa kidole, umetoka kwenye upindo,
pale pale njano inapokutana na buluu.
Nikauliza nani mwenye ngazi.